Uchovu wa Mama na Kikombe cha Chai

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunaingia katika jambo tulilolikusudia wiki hii. Limetujia kwa barua, nayo barua yenyewe imetoka mbali na bahari. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani, aliolewa miaka sita iliyopita akahamia Kebirigo, katika Kaunti ya Nyamira. Anatuandikia kwamba tangu alipojifungua mtoto wake wa tatu amekuwa mtu wa kuchoka. Hulala amechoka na huamka amechoka. Akipanda kilima kutoka chemchemini na dumu la maji, moyo humwenda mbio mpaka akasimama njiani kushika mti. Nywele zinamtoka, kucha zinakatika, na akiinuka ghafla huona giza. Tena ana hamu ya kutafuna udongo, jambo analolionea haya na kulifanya kwa siri.

Hapo mwanzo alidhani ni hali ya hewa ya milimani, kwani mtu wa mwambao hakuzoea baridi wala miinuko. Kisha akaanza kusikia maneno ya watu kwamba mtu wa Pwani hawezi kazi. Maneno yakirudiwa huota mizizi, na dada yetu naye akaanza kuyaamini. Swali lake lilituhuzunisha sana. Anauliza kama ni imani yake iliyopungua, kwani hata rakaa nne za Isha humwia nzito.

Dada yetu, jibu letu la kwanza ni kwamba usiihukumu imani yako kabla hujapima damu yako. Sisi si matabibu, na safu hii haiwezi kushika mahali pa daktari. Lakini dalili ulizozitaja zinafanana mno na za mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma mwilini, na hamu ya udongo ni miongoni mwa dalili zinazojulikana sana. Hilo ni gonjwa lenye kipimo na lenye dawa. Na kwa kuwa tunajua kwamba akina mama wengi wa Mombasa, Lamu, Kilifi na kwingineko wanaishi na uchovu huu huu bila ya kuandika barua, tumeona tukujibu mbele ya wote.

Katika Qur'ani Tukufu ipo sura nzima inayoitwa kwa jina la chuma, nayo ni Suratul Hadid, sura ya 57. Humo tunafundishwa kwamba katika chuma mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Wengi wetu tukiisoma hufikiria panga, jembe na nanga. Ni nadra kufikiria kwamba chuma kimo pia ndani ya miili yetu. Mtu mzima hubeba gramu 3 au 4 hivi za chuma, uzito wa msumari mdogo, na sehemu kubwa ya hicho imo katika damu. Ndicho kinachotengeneza hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu ambayo kazi yake ni kuichukua hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha kwenye misuli, moyo na ubongo. Chuma kikipungua, wachukuzi hupungua, na kila kiungo hupata hewa kidogo kuliko kinavyohitaji. Ndiyo maana moyo hukimbia, ukijaribu kufidia upungufu huo kwa haraka.

Kwa nini mwanamke zaidi kuliko mwanamume? Kwa sababu mwanamke hutoa damu kila mwezi, na kwa sababu hubeba mimba. Mimba moja kwa jumla huhitaji takriban gramu 1 ya chuma, kwa ajili ya mtoto, kondo la nyuma, damu ya mama inayoongezeka, na ile inayopotea wakati wa kujifungua. Basi mtazame dada yetu aliyezaa watoto watatu katika miaka sita. Ghala yake ilikuwa ikitolewa kabla haijajazwa. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite miezi isiyopungua 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Nasi tunakumbuka kwamba Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha. Mume na mke wakikaa wakalizungumza hili kwa mapenzi, watakuwa wamelinda afya ya mama na ya mtoto kwa pamoja.

Barua yako imesema pia kwamba hedhi yako siku hizi huchukua siku tisa, na siku za mwanzo hubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, na mabonge ya damu hutoka. Umeliandika hili kwa mstari mmoja mwishoni, kana kwamba halina uzito. Lina uzito mkubwa. Kwa hesabu ya sharia, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, hedhi yaweza kufika siku kumi na tano, hivyo siku tisa hazikutoi katika hukumu ya hedhi. Lakini hesabu ya sharia ni ya kujua lini uswali na lini ufunge. Haikusudiwi kusema kwamba mwili hauumii. Kwa tabibu, hedhi inayozidi siku saba, au yenye kulowesha pedi kwa saa moja au mbili, ni sababu ya kuchunguzwa. Huenda kuna uvimbe katika kizazi, huenda ni homoni, huenda ni koili ya shaba iliyowekwa kwa uzazi wa mpango, kwani hiyo yaweza kuzidisha damu. Yote hayo yana matibabu.

Na hapa mwanamke wa Kiislamu ana jambo la kumfaa. Tangu alipobaleghe amefundishwa kuhesabu siku zake, kuzijua rangi za damu na kutofautisha hedhi na istihadha. Hesabu hiyo ndiyo ambayo daktari huitafuta kwa wagonjwa wake na aghalabu haipati. Iandike, uende nayo. Usiseme ni aibu. Bibi Fatima binti Abi Hubaysh alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamweleza waziwazi kwamba damu yake haikatiki, naye akajibiwa na wala hakukaripiwa. Kama jambo hilo liliweza kuulizwa mbele ya Mtume, haliwezi kushindikana kuulizwa mbele ya muuguzi.

Tuje kwenye kipimo. Kiwango cha damu hupimwa katika vituo vingi vya afya, hata kwa tone la kidole. Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa damu imepungua ikiwa hemoglobini iko chini ya gramu 12 kwa desilita. Kwa mkaazi wa nyanda za juu kama Nyamira, ambako hewa ni nyepesi kidogo, kiwango hicho hupandishwa, kwa kuwa mwili wa huko unahitaji wachukuzi zaidi. Kwa hivyo ulipodhani kwamba milima inahusika hukukosea kabisa. Milima haikukuletea upungufu, lakini imeufanya udhihirike mapema kuliko ambavyo ungedhihirika Mombasa.

Kipo na kipimo cha pili kiitwacho feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma iliyobaki ghalani. Yawezekana kiwango cha damu kikawa bado kizuri huku akiba imekwisha, na mtu akawa amechoka na kuambiwa hana kitu. Hospitali kubwa hukifanya kipimo hiki. Omba kifanyike iwezekanapo.

Twasisitiza kupima kabla ya kumeza, kwa sababu damu hupungua kwa njia nyingi. Wazee wetu walikuwa na neno safura, walilolitumia kwa ugonjwa wa kukosa damu uletwao na minyoo. Minyoo hiyo huingia kupitia ngozi ya nyayo kwa mwenye kutembea peku kwenye udongo mchafu, kisha hung'ang'ania utumboni na kunyonya damu. Mkulima wa milimani na mtoto wa mwambao wote yaweza kuwapata, na dawa yake ni nyepesi. Malaria nayo huharibu damu. Na katika Pwani yetu na magharibi ya Kenya wapo watu wenye selimundu au kasoro nyingine za damu walizozirithi. Mtu wa namna hiyo akimeza vidonge vya chuma kwa kubahatisha, huenda asifaidike na pengine akadhurika.

Sasa tufike kwenye kikombe cha chai. Umetuandikia kwamba Kebirigo ni nchi ya chai, mashamba yake yakipanda na kushuka vilima, na kiwanda cha chai kimebeba jina la mji. Ukienda kwa jirani unakaribishwa chai, ukirudi shambani unakunywa chai, na chakula hakihesabiwi kuwa kimekamilika bila ya chai. Unasema hunywa vikombe vitano au sita kwa siku, kila kimoja pamoja na chakula, ili upate nguvu. Nasi wa Pwani tusimcheke mtu, kwani mahamri yetu na mbaazi hatuyali bila ya chai ya maziwa, na futari zetu huanza nayo.

Chai ina vitu vinavyoitwa tanini, ndivyo vinavyoipa ule ukakasi ulimini. Tanini zikikutana tumboni na chuma kilichotoka katika mboga, maharage au nafaka, hushikamana nacho, na mwili haukipati. Kikombe kimoja pamoja na chakula chaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekichukua. Kahawa nayo huzuia, na maziwa vilevile hupunguza kwa kiasi. Kwa hivyo dada yetu amekuwa akila mboga nzuri na kuzipoteza kwa kikombe kile kile alichokinywa kutafuta nguvu.

Hatusemi chai iachwe. Ni riziki ya majirani zako, na huko kukataa kikombe cha mwenyeji ni uzito. Tunasema wakati wake ubadilike. Kula kwanza, kunywa maji, kisha chai ije baada ya saa moja au mbili. Mgeni akija nje ya saa za chakula, kunywa naye kwa furaha. Watoto wadogo nao wasizoeshwe chai pamoja na chakula, kwani wanahitaji chuma kwa kukua kwa miili na akili zao.

Jambo la pili ni nyama. Umesema Waislamu huko ni wachache, na kwa kuwa huna hakika na uchinjaji wa buchani, huila mara moja moja tu. Hili ni jambo jema la kujihifadhi, lakini lina gharama, kwani chuma cha nyama, kuku na samaki mwili hukichukua kwa wepesi zaidi kuliko cha mboga. Mnaweza kununua kuku aliye hai, mumeo akamchinja nyumbani. Na iko njia nyepesi zaidi: samaki hahitaji kuchinjwa. Ziwa Victoria haliko mbali nanyi, na omena, wale dagaa wadogo wanaokaushwa juani, huliwa wazima pamoja na vichwa vyao. Wachache tu wakitiwa katika mboga huongeza chuma chao, na juu ya hayo huusaidia mwili kukichukua kile kilicho katika mboga yenyewe. Maini nayo yana chuma kingi, ila mjamzito asiyale kwa wingi, kwa sababu ya vitamini A iliyozidi ndani yake.

Mboga unazo, tena za kuonewa wivu. Chinsaga, ambayo sisi twaiita mgagani, na rinagu, ambayo kwetu ni mnavu, ni mboga za thamani. Lakini desturi ya kuzichemsha muda mrefu na kumwaga maji ili uchungu utoke huipoteza vitamini C, na vitamini C ndiyo inayoufungulia mlango chuma cha mboga. Dawa yake ni kachumbari ya kwetu. Weka nyanya mbichi, kitunguu, na ukamulie ndimu, uile pamoja na mboga. Ama ule pera, chungwa au papai mara baada ya chakula. Aliye Pwani ana maembe na ubuyu. Nafaka ya wimbi ina chuma, lakini ina pia kitu kinachokifunga. Unga wake ukilowekwa na kuchachuka kabla ya kupikwa uji, kifungo hicho hulegea. Uji ule wa uchachu anaoupika mavyaa wako ni hekima ya zamani. Kunywa.

Ama bitiruti inayosifiwa kwamba huongeza damu kwa sababu ni nyekundu, ile ni rangi tu. Chuma chake ni kidogo. Tende na zabibu ni vyakula vyema, lakini haviwezi peke yao kuijaza ghala iliyokwisha. Na akitokea mtu mwenye nia njema akakushauri unywe damu ya mnyama, mshukuru kwa adabu na umwambie dini yetu imeiharamisha, tena hatuihitaji, kwani dawa ya halali ipo.

Dawa hiyo ni vidonge vya chuma. Upungufu ukishathibiti, chakula peke yake hakitoshi. Kidonge cha kawaida cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 hubeba miligramu 65 hivi za chuma chenyewe, kiasi ambacho hakipatikani katika sahani. Meza kwa maji au maji ya chungwa, mbali na chai na maziwa, tumbo likiwa tupu ukiweza. Choo kitakuwa cheusi, na hilo lisikutishe. Wengine hufunga choo au hupata kichefuchefu. Ukiona hivyo usiviache kimyakimya. Mwambie daktari, naye anaweza kukupa kimoja siku moja na kupumzika siku ya pili, au kukuruhusu kumeza pamoja na chakula kidogo. Nguvu hurudi polepole kwa wiki kadhaa, lakini matibabu huendelea kwa miezi mitatu hivi baada ya kiwango cha damu kuwa sawa, ili akiba nayo ijae. Wengi hukosea hapa: wakipata nafuu huacha, na baada ya muda hurudi walipokuwa. Vidonge vifichwe mbali na watoto, kwani vichache tu vyaweza kumuua mtoto mdogo. Mjamzito naye hupewa vidonge vya chuma na foliki kliniki, asivirundike kabatini.

Mwezi wa Ramadhani ukifika, vidonge vimezwe usiku, baada ya tarawehe au kabla ya kulala, na chai isogezwe mbali navyo. Ambaye daktari wake amemwambia kwamba saumu itamdhuru, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Na swala zako, dada yetu, ukiona kizunguzungu, swali umekaa. Mtume (S.A.W.) alimruhusu asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa. Hiyo si imani iliyopungua, bali ni dini yenyewe ikikuhurumia.

Wakati unaposubiri nafuu, gawa kazi. Maji yabebwe kwa madumu madogo au yabebwe na mwenye nguvu. Lala kidogo mchana, kwani qailula ni sunna. Lakini usisubiri nyumbani ukiona kifua kinauma, pumzi zinakatika ukiwa umekaa, unazimia, au damu haisimami. Hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwanamume aliyepungukiwa na damu, na mama aliyekwisha koma hedhi, nao waende haraka, kwani huenda kuna mahali ndani panapovuja.

Tunamalizia kwa neno kwa waume na akina mavyaa. Katika nyumba zetu nyingi, iwe ni Kebirigo au Mji wa Kale, sinia hupangwa hivi: kitoweo kizuri kwa baba, kisha watoto, na mama hula mchuzi uliobaki, tena akiwa amesimama. Hakuna aliyeamrisha, imekuwa tu. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Basi leo usiku, baba, kitie kipande cha samaki katika sahani ya mkeo kabla ya chako. Na kesho mpeleke akapimwe. Ukimwona amekaa chini kabla kazi haijaisha, muulize anaumwa nini kabla ya kusema ni mvivu.

Dada yetu wa Kebirigo, tunasubiri barua yako ya pili yenye matokeo ya kipimo. Mwenyezi Mungu akuponye, awaponye mama zetu wote wanaochoka kimya, na azitie baraka nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.